Kinyozi Aliyepima Mto

Mtu aliyetaka kunyolewa kimya kimya hakwenda kwa kinyozi wa karibu na daraja. Ukishakaa kwenye kiti chake, kile cha ngozi iliyochanika mkono mmoja, ukafungwa shuka shingoni, basi umekwisha. Utasikia habari za samaki kuanzia kisogo hadi kidevu. Na utabisha vipi wakati wembe uko kooni? Ndiyo maana alikuwa na wafuasi wengi mjini katika mambo ya mto. Wengine walikubaliana naye ili tu warudi nyumbani na masikio yao yote.

Kila mtu alimwita Kinyozi, hata mkewe alipokuwa na furaha naye. Alipokuwa hana furaha alimwita “baba wa samaki,” na hapo Kinyozi alijua chakula kitachelewa.

Habari hizo za samaki alizitoa kwenye chama chake. Wenyewe walikiita Chama cha Wavuvi wa Nzi Bandia. Mji ulikiita Klabu ya Nzi, na wenye midomo yao waliuliza kama hao nzi huliwa wa kukaanga au wa kuchemsha. Wanachama walivulia nzi wa kutengeneza kwa mkono, vinyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana ndogo ambayo kijino chake kimebanwa kwa koleo ili kisimchane samaki. Wakimpata trauti, samaki wa mito ya baridi, walimtazama, wakamsifu, wakamrudisha majini. Mtu mzima ashinde na maji magotini, ampate samaki, halafu amwache aende zake! Muuza mboga wa pale darajani alisema ugonjwa huo una dawa, ila wenyewe hawajataka kwenda hospitali.

Mwenyekiti alikuwa Daktari wa Meno, mzee mtaratibu aliyezoea kung'oa vitu vinywani. Ndiye aliyemwingiza Kinyozi chamani. Siku moja akinyolewa aliviona vile vidole vinavyocheza na mkasi, akasema vidole kama hivi havifai kuishia kwenye vichwa vya watu. Na kweli, haukupita msimu Kinyozi akawa bingwa wa kufunga nzi. Alitumia manyoya ya kuku, uzi wa zambarau uliobaki mkewe alipowashonea kwaya sare, na, Mungu amsamehe, nywele za wateja. Mvi za hakimu mstaafu zilisifika kwa kuelea. Trauti mkubwa kuliko wote wa mwaka ule alinaswa na ndevu za mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hajaambiwa mpaka leo.

Usimcheke sana. Mtu aliyesimama maisha yake yote nyuma ya viti vya wenzake, sasa alikuwa anaketi. Aliketi meza moja na Daktari, na hakimu, na mhandisi wa maji, na akisema neno, wanaliandika. Kitu hicho ni kitamu, na asiyewahi kukikosa hajui utamu wake.

Basi chama kilikuwa na hoja kwenye baraza la mji: kipande cha mto kuanzia kwenye banio la maji hadi kwenye kona kiwe mahali ambapo kila samaki anayevuliwa anarudishwa akiwa hai. Hoja yenyewe ilikuwa ya kweli, nisimnyime haki yake. Samaki walikuwa wamepungua, watu walikuwa wanatega nyavu zenye macho madogo yasiyobakiza hata kifaranga, na mazalio yalikuwa yanakanyagwa. Tatizo lilikuwa moja. Wa Klabu ya Nzi walivua kwa kujifurahisha, na wa kule konani walivua wapate kula.

Na konani ndiko alikokaa mama mkwe wake.

Alikuwa mjane, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Alivua kwa mshipi wa mkononi tu, ndoana moja na mnyoo, kwenye jiwe lake lile lile, samaki wa kutosha sufuria moja. Kinyozi alikwenda kwake siku moja akiwa amevaa koti, jambo lililomshtua yule mama, akidhani kuna msiba. Akamwamkia, akakaa kwenye ncha ya kiti kama wakwe wanavyokaa, akazunguka na maneno weee, mpaka mama mwenyewe akamsaidia.

“Unataka niache kuvua.”

“Kwa muda tu, mama. Mpaka baraza liamue. Watu wa huku wakiona wewe umeacha, nao wataacha.”

“Kama ni wewe unayeniambia, baba, nimeacha.” Akauzungusha mshipi kwenye kopo, akauweka juu ya kabati.

Hakuuliza atakula nini. Kinyozi alirudi mjini kifua mbele, na kwenye kikao kilichofuata akasimama akatangaza kwamba hata mama mkwe wake ameunga mkono. Wakampigia makofi. Makofi aliyachukua yeye, na njaa akaibeba mwingine.

Baraza likasema sawa, lakini kabla ya kuamua wajumbe wataka kuona kwa macho yao. Ikapangwa siku ya maonyesho. Wajumbe wangekuja asubuhi, maji yakiwa bado baridi, waone samaki anavyovuliwa na kurudishwa.

Sasa hapa kuna jambo ambalo watu wa nzi wanalijua na wengine hatulijui. Trauti ni samaki wa maji baridi. Maji yakipata joto, hewa ndani yake hupungua. Samaki aliyepigana na mshipi katika maji hayo, ukimrudisha, ataondoka akitikisa mkia kama mzima, nawe utafurahi, halafu atakwenda kufia mbele ya safari usimwone. Kwa hiyo chama kina sheria yake ya kwanza kabisa: kipimajoto kinaingia majini kabla ya ndoana. Maji yakiwa yamepanda joto, hakuna mjadala, mishipi inakunjwa, mnarudi nyumbani kunywa chai. Na mpimaji wa chama alikuwa Kinyozi. Kipimajoto alikivaa shingoni kwa kamba, na alikipenda kama padri anavyopenda msalaba wake.

Wajumbe walichelewa. Gari lilipata pancha, kisha likaishiwa mafuta, kisha mheshimiwa mmoja akataka apitie kwake. Walipofika jua lilikuwa limesimama utosini, na msimu ulikuwa wa kiangazi, mto umekonda mpaka mawe yanaonekana migongo. Wajumbe wakashuka na viatu vya ofisini, wana joto, wana njaa, na mmoja anaangalia saa.

Kinyozi akaingia majini, akachutama, akazamisha kipimajoto. Akasubiri. Akakitoa.

Hakuhitaji kukitazama. Maji yalikuwa yameshamwambia vidoleni. Lakini alikitazama, na joto la maji lilikuwa limepanda kupita kiasi, tena si kidogo. Akageuka. Wale pale ukingoni wote walikuwa wanamtazama yeye: Daktari na kofia yake, mhandisi, hakimu, wajumbe na vitambi vyao. Siku hiyo ilikuwa imetafutwa msimu mzima. Akisema “hapana,” watapanda gari, na nani ajuaye kama watarudi?

“Vipi maji?” Daktari akauliza.

“Yako sawa tu, Daktari.”

Akakitumbukiza kipimajoto ndani ya shati.

Maonyesho yalifana, lazima tuseme. Mishipi ilikwenda hewani ikajikunjua, nzi wakatua juu ya maji, trauti wakapanda. Wajumbe wakasahau njaa. Kila mmoja akataka kumshika samaki wake apigwe picha, na samaki akateleza, na picha ikarudiwa, na mheshimiwa akafumba macho, ikarudiwa tena. Kinyozi mwenyewe alimnasa mmoja mkubwa, mshipi ukakatika, samaki akaenda na nzi mdomoni. Wengine wote walirudishwa majini kwa mikono miwili, taratibu, kama vile chama kinavyofundisha. Wakayumba kidogo, wakaenda. Wajumbe wakapiga makofi. Kinyozi naye akapiga, akijiambia kwamba labda kipimajoto kimeharibika. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaidizi.

Kesho yake asubuhi, kabla hajafungua kibanda, mama mkwe akabisha hodi. Alikuwa amebeba beseni lililofunikwa kwa kitambaa, na jasho lilikuwa linamtoka. Mkewe Kinyozi akampokea, akafunua, akapiga kigelegele kifupi. Samaki! Trauti wazima wazima, walionona, wamelazwa kwa mpangilio juu ya majani.

“Mama, umewatoa wapi hawa?”

“Nimewaokota.” Yule mama hakukaa. Alimgeukia mkwewe, akainamisha macho, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. “Nimekuja kukuuliza, baba. Niliwakuta konani, wamekufa tayari, wengine wamekwama kwenye mawe. Sikuvua, mshipi uko pale pale nilipouweka. Nikasema wakiachwa wataoza. Sasa sijui, kuokota nako kumekatazwa?”

Kinyozi alisikia masikio yakiwaka moto.

“Hapana, mama. Kuokota si kosa.”

“Ahsante. Nilikuwa na wasiwasi nisije nikakuaibisha.”

Neno hilo lilimwingia kama kibanzi cha mti kwenye ukucha. Mkewe alikuwa ameshaingia jikoni na beseni, anaimba. Mama mkwe akafungua kifundo kwenye kona ya kitambaa chake, akatoa kitu kidogo, akakiweka kwenye kiganja cha Kinyozi bila kumgusa. Alikuwa nzi, aliyelowa na kunywea, amefungwa kwa uzi wa zambarau.

“Huyu wako alikuwa mdomoni mwa mmoja. Nimemtoa, asije akamchoma mtu akila.” Akaaga, akaenda zake. Hakuuliza lingine.

Kinyozi alikwenda kazini, akamtupa yule nzi sakafuni katikati ya nywele za wateja, akafagia vyote pamoja hadi jalalani. Siku hiyo alinyoa kimya. Wateja walidhani anaumwa, na mmoja alimshukuru Mungu kwa sauti. Jioni akawekewa samaki, kipande cha mgongo, kile anachopewa mwenye nyumba. Alikitafuna kikamjaa mdomoni. “Mbona huli?” mkewe akauliza. “Ndio nakula,” akajibu, akameza kwa maji.

Siku ya uamuzi ukumbi wa baraza ulijaa. Klabu ya Nzi ilikaa mbele na mashati yaliyopigwa pasi. Watu wa konani walikaa nyuma, na mama mkwe akiwa miongoni mwao, karibu na mlango. Daktari akasoma hoja. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na picha za maonyesho zikapitishwa mkono kwa mkono, kila mheshimiwa akijitafuta yeye kwanza.

Ndipo Fundi Redio aliponyanyuka. Huyu alikuwa mkazi wa konani, mtu wa kutengeneza redio na kuharibu mikutano, na hakuwa na adabu ya kusubiri kuitwa.

“Mimi nina swali dogo. Siku ya pili baada ya maonyesho yenu, samaki wamekuja kwetu wamegeuza matumbo juu. Nimewaona kwa macho yangu. Hao si wale wale mliowabusu mkapiga nao picha? Sisi tunaovua tupate kula ndio tunaambiwa wauaji, nyie mnaochezea ndio walinzi?”

Ukumbi ukavuma. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa mtu anayejua swali la pili ni lipi.

“Kinyozi,” akasema polepole, “maji yalipimwa, au siyo?”

Hapo ndipo. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa mbele yake, na hakutakiwa ila kusema neno moja. Alisimama. Alimwona Daktari, akamwona hakimu na kalamu yake, akaiona ile meza aliyokuwa akiketi. Akafungua mdomo na mdomo haukutoa kitu. Uso umeumbwa na haya, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba haya ikizidi humkaba mtu koo hata aendelee kutenda ya aibu.

“Ni mimi.”

Sauti ilitoka nyuma, karibu na mlango. Mama mkwe alikuwa amesimama, mikono ameishika mbele.

“Hao samaki niliwaua mimi. Nilitega wavu. Wakanizidi, nikachukua niliowaweza, waliobaki nikawaachia maji.”

Watu wakageuza viti. Wengine wakaguna, wengine wakaanza kucheka. Mama mkwe wa Kinyozi! Yule yule aliyetolewa mfano! Ukumbi mzima ukacheka sasa, na yule mama akasimama katikati ya kicheko hicho bila kuinua macho. Hakuwahi kumiliki wavu maishani mwake. Kinyozi alilijua hilo kama anavyojua mikasi yake, na Fundi Redio alilijua pia, maana alibaki mdomo wazi.

“Bibi,” mwenyekiti wa baraza akasema, “unafahamu ulichofanya?”

“Nafahamu. Niandikeni.”

Wakamwandika. Na hapo mambo yakaenda kasi, kwa sababu mjumbe mmoja akanyoosha kidole akasema, ndugu zangu, ushahidi gani tena tunautaka? Kama hata familia za wanachama zinaharibu mto, je, wengine? Hoja ikapita bila kupingwa. Wakaongeza kifungu papo hapo: yule bibi asionekane tena ukingoni mwa mto, kwa mshipi wala kwa ndoo.

Kwa ndoo. Maji ya kupikia aliyachota pale pale.

Kinyozi alikuwa bado amesimama, hakuna aliyemkumbuka. Lile neno la ndoo ndilo lililomfungua koo.

“Mama hana wavu!” Alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. “Hajawahi kuwa nao. Maji yalikuwa moto. Nilipima, nikaona, nikaficha. Nilisema yako sawa, na hayakuwa sawa. Samaki tumewaua sisi. Nimewaua mimi!”

Kinyozi akahisi mzigo unamshuka, na kwa pumzi moja hivi alikuwa mtu huru.

Kisha mtu mmoja upande wa kushoto akaanza kupiga makofi.

“Huyo ndiye mkwe!” akasema. “Mnaona? Huyo ndiye mkwe!”

Makofi yakasambaa. Mama mmoja akafuta machozi. Mwenyekiti wa baraza akatabasamu kwa huruma, akainua mkono.

“Tumekuelewa, Kinyozi. Kumsitiri mzazi wa mkeo ni uungwana, na wengi hapa wangeukimbia. Lakini sheria ni sheria.”

“Si kumsitiri! Nasema kweli! Alinirudishia hata nzi wangu, wa uzi wa zambarau, alikuwa kwenye...”

“Yuko wapi huyo nzi?”

Kinyozi akajipapasa mfuko, upuuzi tu, maana alijua fika alikomfagilia. Akakishika kile kipimajoto shingoni mwake, nacho hakikuwa na la kusema. Kipimajoto hakikumbuki maji ya jana. Akamtazama Daktari. Daktari alikuwa anamtazama pia, kwa muda mrefu, na Kinyozi akaona kwamba huyu mmoja ameamini kila neno. Ameamini, na hoja imeshapita.

“Keti, Kinyozi,” Daktari akasema kwa upole. “Umesema vizuri. Keti.”

Akaketi.

Nje, watu walimzunguka, wakamshika mkono. Wanaume walimpiga bega. Wanawake walimwambia mama mkwe kwamba hata kama kateleza, Mungu kampa mkwe wa dhahabu. “Kanipa,” yule mama akajibu, akaendelea na njia. Fundi Redio peke yake hakumpa mkono. Alimpita karibu, akamwambia kwa sauti ya chini, “Ungesema alipokuuliza,” akaenda.

Kinyozi akamfuata mama mkwe kwenye barabara ya konani, hatua kadhaa nyuma, mpaka watu walipopungua.

“Mama,” akasema. “Mama, nitarudi kesho kwa mwenyekiti wa baraza. Nitakwenda kila siku mpaka wanisikie. Hukupaswa kunibebea. Sijui nikushukuru vipi.”

Yule mama akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu aoe kwake, alimwinulia macho.

“Usinishukuru,” akasema. “Sikukubebea wewe. Nina binti mmoja, naye ameolewa na mtu anayeheshimika. Nilitaka aendelee kulala na mtu huyo.”

Akageuka, akaenda. Kinyozi akabaki pale njiani. Lori lililojaa watu wa mkutanoni likampita taratibu, na mle ndani wakamtambua, wakaanza kumwita, “Mkwe mwema! Mkwe mwema!” Na yeye, kabla hajafikiri, akajikuta ameinua mkono anawapungia.